Bawabu, Kipimajoto na Ujira wa Siku

Ndugu msomaji, zamani bawabu alikuwa na maswali mawili tu kwa aliyefika langoni: wewe ni nani, na umemfuata nani. Mwaka 2020 akaongezewa la tatu, zito kuliko yote mawili: je, u mzima? Kwa ajili ya swali hilo alikabidhiwa kipimajoto cha kuelekezwa usoni, ndoo ya maji na sabuni, na daftari la kuandikia majina na namba za simu. Hakusomea udaktari wala hakusomea sheria. Lakini tangu Shirika la Afya Duniani lilipotamka, tarehe 11 Machi 2020, kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la ulimwengu mzima, yeye ndiye aliyekuwa akiamua kila asubuhi nani aingie kazini akachume riziki yake na nani arudi nyumbani mikono mitupu.

Leo ndoo nyingi zimeondolewa. Shirika hilo lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura imekwisha, na watu wakashusha pumzi. Hata hivyo, maradhi hayakuacha safari zake. Mkoa wetu wa Kagera umefikiwa na homa ya Marburg mara mbili, mwaka 2023 na mwaka 2025. Jirani zetu wa Uganda walipambana na Ebola mwaka 2022, na tena mwaka 2025. Lango litafungwa siku nyingine, na asiyeziba ufa hujenga ukuta. Wakati wa kuzungumza jinsi ya kulifunga kwa uadilifu ni huu wa afya, si ule wa taharuki ambapo kila mwenye sauti huamrisha na kila mnyonge hutii.

Neno ninalotaka tulipime pamoja ni moja. Lango linalomrudisha mgonjwa nyumbani bila ujira huwafundisha watu kuficha ugonjwa. Na ugonjwa uliofichwa ndio unaoingia kazini.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kipimajoto cha langoni kina historia yake. Mwaka 2003 maradhi ya SARS yalipozikumba nchi za Asia, vipimo vya joto viliwekwa viwanjani na maofisini, na kulikuwa na sababu: mgonjwa wa SARS alikuwa akiambukiza zaidi baada ya homa kumshika barabara. UVIKO-19 haukuwa na tabia hiyo. Mtu aliweza kuambukiza wenzake siku mbili hivi kabla hajajihisi vibaya, na wako walioambukiza bila ya kuugua kabisa. Alipita mbele ya kipimajoto akiwa na joto la kawaida, akaandikwa kuwa mzima, akaenda kukaa na wenzake saa nane. Mwingine alikuwa na homa kweli, lakini alikuwa amemeza vidonge viwili vya parasetamoli saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia saa moja na nusu paji la uso lilikuwa limepoa. Wa tatu hakuwa na lolote ila ametembea juani kutoka kituo cha daladala, akaambiwa asimame pembeni huku foleni nzima ikimtazama.

Hii haimaanishi kuwa kipimajoto ni upuuzi. Maana yake ni kwamba kila maradhi yana mlango wake, na chombo cha langoni sharti kifanane na maradhi yaliyopo. Kwa Ebola na Marburg, mtu haambukizi kabla dalili hazijaanza, na dalili zaweza kuchelewa hadi siku 21 tangu alipoambukizwa. Hapo kupima joto na kuuliza habari za misiba na wagonjwa aliowagusa kuna faida kubwa. Kwa kipindupindu, kipimajoto hakisaidii kitu. Kinachotakiwa ni maji safi, choo safi na sabuni. Kwa ugonjwa unaosafiri kwa pumzi kama UVIKO-19, kazi kubwa iko ndani, baada ya lango.

Ushahidi wa hilo ulitoka Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, mapema Machi 2020. Katika jengo moja lenye ghorofa 19, ghorofa ya 11 ilikuwa na kituo cha kupokea simu za wateja. Watu 216 walifanya kazi kwenye ghorofa hiyo, wameketi karibu karibu, wakizungumza mchana kutwa. Walipopimwa, 94 walikutwa wameambukizwa, na wengi wao walikuwa wa upande mmoja wa ukumbi. Ajabu ni kwamba watu wa ghorofa hiyo walikuwa wakipita mlango mmoja na kupanda lifti moja na wakazi wengine wa jengo, lakini nje ya ghorofa ya 11 waliokutwa na maradhi walikuwa wachache mno. Jambo lililowadhuru halikuwa kupishana mlangoni. Walidhurika kwa kukaa muda mrefu katika chumba kimoja wakivuta hewa ile ile.

Basi mwajiri aliyenunua kipimajoto kizuri akaacha madirisha yamepigwa misumari, amemkagua mgeni na kumsahau mwenyeji. Bawabu wake atafanya kazi kwa uaminifu, na maradhi yataingia yakiwa na joto la nyuzi 36 na nusu.

Tukifika hapo tunaona kwamba mlinzi wa kweli wa mahali pa kazi hakai langoni. Ni mfanyakazi mwenyewe, alfajiri, akiwa bado kitandani, koo linamkwaruza na viungo vinamuuma. Yeye peke yake ndiye anayejua. Hana anayemwona. Ataamua kwenda au kubaki, na uamuzi wake utapita katika mizani moja: nikibaki, watoto watakula nini?

Tuchukue mfano wa mama anayebangua korosho au kufungasha samaki kwa malipo ya siku. Asipofika, halipwi. Akifika na kurudishwa, amepoteza ujira na nauli pia. Akirudishwa mara mbili, nafasi yake imechukuliwa na mwingine anayengoja nje ya ukuta. Kumhubiria mama huyu juu ya uzalendo na afya ya jamii bila kugusa ujira wake ni kumtwisha yeye peke yake gharama ya kuwalinda wote. Tajiri analindwa, wenzake wanalindwa, wateja wanalindwa. Mlipaji ni yule mwenye kidogo kuliko wote.

Sheria zetu zinasema nini? Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku zisizopungua 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara katika kila miezi 12. Ukizisoma sheria hizi unaweza kudhani tatizo limekwisha. Halijaisha, kwa sababu tatu.

Kwanza, zote mbili zinataka cheti cha daktari. Lakini mtu aliyerudishwa langoni saa moja asubuhi hana cheti. Ana joto tu lililosomwa na bawabu. Akienda hospitali atatoa fedha ya kumwona daktari na ya vipimo, na huenda akaambiwa hana ugonjwa. Siku ile nani ataihesabu? Si mgonjwa, kwa hiyo si likizo ya ugonjwa. Hakufanya kazi, kwa hiyo hana ujira. Ameanguka katikati ya vifungu viwili.

Pili, yuko mtu asiyeugua kabisa, bali amekaa karibu na mgonjwa na ameamriwa ajitenge siku 14. Huyu ni mzima wa afya, na kukaa kwake nyumbani ni kwa manufaa ya wengine. Likizo ya ugonjwa haikumfikiria.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kibarua wa siku, muuza chai aliye ndani ya uzio wa kiwanda, kijana wa kupakua mizigo, wote hao wanapita lango lile lile na kupimwa na kipimajoto kile kile, lakini katika hesabu za mwajiri hawamo. Wanaonekana kuwa wafanyakazi pale wanaporudishwa, na si wafanyakazi pale wanapodai.

Ndugu msomaji, jambo la kuzuia kuingia na kutoka kwa ajili ya maradhi si geni kwetu. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba watu wakisikia tauni imeingia katika nchi wasiiendee, na ikizuka mahali walipo wasitoke kuikimbia. Alifundisha pia kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke wakachanganyike na ngamia wazima. Mafundisho hayo yalijaribiwa katika enzi ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Sham akafika mahali paitwapo Sargh, na viongozi wa majeshi wakiongozwa na Abu Ubayda bin Jarrah wakamjia na habari kwamba tauni, ile iliyokuja kujulikana kama tauni ya Amwas, imezuka mbele.

Tazama alivyofanya. Hakuamua peke yake, naye ndiye Amirul Muuminin. Aliwaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Ansari, wakatofautiana vilevile. Akawaita wazee wa Kikureishi, nao wakakubaliana kwamba arejee na watu wake. Abu Ubayda alimuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, akajibu kwamba wanatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, kama mchungaji anayechagua kulisha ngamia wake kwenye upande wenye majani badala ya upande mkavu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume juu ya tauni, na Umar akamshukuru Mungu kwa kuwa uamuzi wa shura umeafikiana na mafundisho.

Katika habari hii nachukua mambo mawili yanayohusu maudhui yetu. La kwanza, hata amri ya kuokoa maisha ilipitia mashauriano na watu watakaoguswa nayo. La pili, katazo lile lina pande mbili. Aliye nje asiingie, aliye ndani asitoke. Mwenye kubaki ndani anabeba mzigo kwa ajili ya walio nje, na haiwi haki kumfungia mlango kisha kumsahau.

Tunapata mfano wa zama zetu katika nchi ya Singapore, ambayo wengi waliisifu kwa utaratibu wake. Nchi hiyo ina wafanyakazi wa kigeni zaidi ya 300,000 waliokuwa wakilala katika mabweni, wengi wao kutoka Bangladesh na India, wajenzi wa majumba na mafundi wa viwanda vya meli. Vyumba vilijaa vitanda vya ghorofa, vyoo na majiko vikiwa vya pamoja. Aprili 2020 maradhi yalipoingia humo, mabweni yalifungwa. Serikali ilipima, ikatibu, ikapeleka chakula, na ikawataka waajiri waendelee kulipa mishahara, huku ikiwapunguzia tozo ya wafanyakazi wa kigeni ili waweze kufanya hivyo. Hayo yanastahili kutajwa kwa wema.

Baadaye ukaja utaratibu wa kurejea kazini. Kila mfanyakazi wa bwenini alikuwa na programu kwenye simu yake. Ikiwa ya kijani, anatoka kwenda kazini. Ikiwa nyekundu, habanduki. Ili ibaki ya kijani ilimpasa kupimwa kila baada ya siku 14. Desemba 2020 serikali ilitangaza kwamba vipimo vya ugonjwa na vya damu kwa pamoja vimeonyesha kuwa asilimia 47 ya wakazi wa mabweni walikwisha kuambukizwa. Karibu nusu yao! Lango la kazini lilikuwa na ulinzi wa hali ya juu, lakini maradhi yalikuwa yakiwasubiri watu kwenye vitanda vyao.

Na kuna jambo lililo zito zaidi. Wakati wakazi wengine wa Singapore walikuwa wakienda madukani na mikahawani tangu katikati ya mwaka 2020, wafanyakazi wa mabweni walibaki na njia mbili tu: bweni na kazi. Ilikuwa Septemba 2021 ndipo walipoanza kuruhusiwa, kwa majaribio, watu wasiozidi 500 kwa juma, kwenda kutembea mjini kwa saa chache. Rangi ya kijani ilimtambua mtu kama mikono ya kufanyia kazi. Ilipofika haja yake ya kuonana na ndugu, kununua kitambaa cha kumpelekea mkewe au kuswali msikitini pamoja na waumini wengine, rangi ile haikuwa na neno la kusema. Ni onyo kwetu: utaratibu unaomruhusu mtu kutoka kwa ajili ya faida yako tu, na kumzuia katika mengine yote, unaweza kuwa na jina la afya huku ndani yake mna kitu kingine.

Baada ya chanjo kupatikana, lango lilibadilika tena. Kadi ilichukua nafasi ya kipimajoto. Italia ilikuwa nchi ya kwanza ya Ulaya kutaka kila mfanyakazi, wa serikali na wa binafsi, aonyeshe hati ya afya kuanzia tarehe 15 Oktoba 2021: awe amechanjwa, au amepona ugonjwa, au amepimwa na kukutwa salama. Asiye nayo hakufukuzwa kazi, lakini hakulipwa. Kipimo cha haraka kilidumu saa 48, na bei yake kwa mtu mzima ilikuwa euro 15. Asiyechanjwa aliyefanya kazi wiki nzima alihitaji vipimo vitatu, yaani euro 45 kwa wiki. Wapakuzi wa bandari ya Trieste waligoma, na polisi wakawatawanya kwa maji ya kurusha.

Kenya, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza Novemba 2021 kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba wasiochanjwa hawatahudumiwa ana kwa ana katika ofisi za serikali na sehemu nyingi za umma. Walio wengi nchini walikuwa bado hawajakamilisha chanjo. Katikati ya Desemba Mahakama Kuu ilisimamisha amri hiyo. Marekani, tarehe 13 Januari 2022, Mahakama ya Juu ilizuia kanuni iliyowataka waajiri wenye wafanyakazi 100 na zaidi kuhakikisha wamechanjwa au wanapimwa kila wiki. Lakini siku hiyo hiyo ikaruhusu sharti la chanjo kwa wahudumu wa hospitali na vituo vinavyopokea fedha za mipango ya afya ya serikali kuu.

Sitaki kurejesha ugomvi wa chanjo katika ukurasa huu. Ninachokichukua ni kipimo cha akili kilichomo katika hukumu hizo mbili za siku moja. Muuguzi anayemgusa mgonjwa dhaifu hayuko sawa na karani anayeketi peke yake na makabati ya mafaili. Sharti la kuingia kazini lipimwe kwa hatari ya kazi yenyewe na kwa udhaifu wa watu wanaohudumiwa. Na lisimtake mtu kitu ambacho hajawezeshwa kukipata. Kumdai kadi mtu ambaye zahanati ya kata yake haijapelekewa dawa ni kumdai maji aliyeko jangwani.

Sasa tuliangalie lile daftari. Katika mamia ya malango yetu kulikuwa na kitabu kilicholala wazi mezani, na kila aliyeingia aliandika jina, namba ya simu na anakotoka, huku akisoma ya waliomtangulia. Binti wa watu aliyekwenda kuomba kazi aliiacha namba yake mbele ya macho ya kila mpita njia. Nia ilikuwa njema: akipatikana mgonjwa, waliokutana naye watafutwe. Lakini kitabu kisicho na mwenyewe huwa mali ya kila mtu.

Singapore yenyewe ilipata funzo hapa. Ilikuwa na mfumo wa simu wa kufuatilia waliokaribiana na mgonjwa, na watu walihakikishiwa kwamba taarifa zile ni za maradhi tu. Januari 2021 ikabainika kwamba polisi walikuwa na uwezo wa kisheria wa kuzitumia katika upelelezi wa jinai. Watu walikasirika, na Februari bunge likapitisha sheria ya kubana matumizi hayo kwa makosa mazito ya aina saba. Imani ikishavunjika haitengenezwi kwa sheria peke yake. Anayedhani jina lake litamfikia polisi, au mwenye nyumba, au mwajiri mwingine, ataandika jina la uongo. Hapo daftari huwa mapambo.

Kwetu sasa pana sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazopewa ulinzi wa ziada. Mwajiri anayezikusanya langoni awe na jibu la maswali matatu: kwa nini anazitaka, nani anaziona, na lini atazichoma. Na bawabu hana haki ya kutangaza kwa sauti, mbele ya foleni, kwamba fulani ana homa. Sitara ya Muislamu, bali ya mwanadamu yeyote, haisimami kwa sababu ya janga.

Kwa kuwa ukurasa huu husomwa majumbani, siwezi kuufunga bila kukumbusha kwamba nyumba zetu pia ni mahali pa kazi. Dada wa kazi anayepika, kufua na kulea watoto ni mfanyakazi, na amri ya kima cha chini cha mshahara Tanzania Bara inamtaja. Siku za UVIKO-19 nyumba nyingi zilimwekea masharti makali kuliko kiwanda. Aliambiwa asitoke hata kwenda kumwona mamake, ilhali baba mwenye nyumba alikuwa akienda sokoni, harusini na maziarani na kurudi bila kuulizwa. Wengine waliambiwa wafungashe nguo zao warudi kwao siku hiyo hiyo, bila ya mshahara wa mwezi uliokwisha anza, na wakapanda mabasi yaliyojaa kwenda kwa wazee wao vijijini. Kama kulikuwa na maradhi, tuliyatuma huko kwa mikono yetu.

Sharti la mlangoni likiwa la haki humbana mwenye nyumba sawa na msaidizi wake. Na tukimtaka abaki ndani kwa ajili yetu, basi siku yake ya mapumziko tuliyoichukua tuilipe, na simu ya kuzungumza na nyumbani kwao tumpatie.

Je, tufanye nini kabla ya lango jingine kufungwa? Naona mambo sita, na hakuna hata moja linalongoja fedha za wafadhili.

Kwanza, kila mahali pa kazi, hata duka la watu watano, pawe na makubaliano yaliyoandikwa kwamba atakayerudishwa langoni kwa sababu ya ugonjwa atalipwa siku ile, awe wa mkataba au wa kibarua. Siku moja au mbili za ujira wa mtu mmoja ni ndogo kuliko wiki mbili za kufunga duka zima.

Pili, anayekaa karantini kwa amri ahesabiwe kuwa yuko kazini. Waajiri wadogo wasioweza peke yao waunde mfuko wa pamoja, kama tunavyochangiana misiba. Jamii yetu inajua kuchanga. Huchanga zaidi mtu akishakufa. Tuanze kuchanga akiwa bado anakohoa.

Tatu, masharti yapangwe na wafanyakazi wenyewe wakiwemo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama pale penye watu 20 au zaidi, na Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 2003 juu ya mambo hayo. Kamati zisiwe majina ya kubandika ukutani, ziulizwe.

Nne, chombo kifanane na maradhi, na ushauri utoke kwa mganga wa wilaya, wala si kwa muuza vifaa. Kabla ya kununua mashine, fungua madirisha.

Tano, anayepimwa apimwe kando, kivulini, kwa heshima. Bawabu afundishwe, apewe barakoa naye, na asiachiwe yeye lawama ya amri aliyoitoa mtu mwingine.

Sita, sharti limguse mkurugenzi kama linavyomgusa mfagizi. Gari lenye vioo vyeusi lisipite bila ya kusimama. Watu hutii kwa macho kabla ya masikio.

Mwaka 2022, katika mkutano wake wa Juni, Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, pamoja na haki ya kujiunga na chama na kutotumikishwa kwa nguvu. Ni neno zuri kwenye karatasi. Lakini haki hiyo haitapimwa Geneva. Itapimwa siku ambayo mtu mwenye homa atapiga simu alfajiri na kusema, "Leo sijisikii vizuri, nisije nikawaletea wenzangu," na sauti ya upande wa pili ikamjibu, "Pole, pumzika, ujira wako uko pale pale."

Msomaji uliye mwajiri, iwe wa watu mia au wa dada mmoja wa kazi, wiki hii jiulize kama nyumbani au kazini kwako maneno hayo yanaweza kusemwa. Nawe uliye mfanyakazi, uliza kabla hujaugua. Tukutane wiki ijayo, in shaa Allah.